Samaki wa kula wadudu wa matumbawe: mjue mdudu wako kwanza, afu ndo umtafute samaki

Kila mtu anayefuga matumbawe ndani ya tangi anafika siku moja mahali pa kuuliza niweke samaki gani anisaidie, manake ameona kwenye jiwe kitu ambacho hakukiweka yeye. Na majibu huwa mafupi sana, weka huyu, weka yule, wangu alimaliza kila kitu ndani ya wiki. Mtu anaenda ananunua, anamtia, mwezi unapita, mdudu yupo na samaki yupo, wanapishana tu. Au mbaya zaidi mdudu yupo na samaki kafa. Nimeliona hili mara nyingi na linaniuma kweli, kwa sababu yule samaki hakuwa na kosa, alipewa kazi ambayo mdomo wake na macho yake havikuumbiwa.

Kwa hiyo tuanze na samaki mwenyewe anavyokula. Hawa wanaosifiwa kwa kula wadudu, karibu wote ni wawindaji wa mchana na wanawinda kwa macho. Taa ikiwaka wanaamka, wanazunguka mawe kutwa nzima, wanadonoa hapa wanadonoa pale, taa ikizima wanalala. Maana yake mdudu atakayeliwa ni yule anayeonekana mchana, aliyekaa mahali mdomo unafika, na ambaye ukubwa wake unamtosha samaki kuona faida ya kumdonoa. Anayetoka usiku tu, au aliyejibana chini ya tumbawe, au ambaye rangi yake imekuwa ile ile ya tumbawe analolila, samaki atapita juu yake mara mia kwa siku na asimguse. Na mayai ndo usiseme, mengi yamefunikwa na kitu kigumu au yamebandikwa kwenye kona ambayo hata wewe na miwani yako hupaoni.

Ndo maana kabla ya kufikiria samaki, subiri taa zizime saa moja au mbili hivi, chukua tochi (ukiweza kuifunika kwa plastiki nyekundu ni bora zaidi, viumbe wengi hawashtuki sana na mwanga mwekundu) ukae mbele ya kioo kwa utulivu. Angalia shina la tumbawe, pale linapokutana na jiwe. Angalia upande wa chini. Chukua bomba la sindano lisilo na sindano, vuta maji, pulizia kwenye matawi taratibu uone nini kinadondoka. Dakika ishirini za kukaa hivyo zitakusaidia kuliko kuuliza watu kumi, kwa sababu hao kumi kila mmoja anajibu kuhusu mdudu wake yeye.

Tuje kwenye wadudu wenyewe, na naanza na Aiptasia kwa sababu ndo anasumbua wengi kuliko wote. Huyu ni anemoni mdogo, shina kama la kioo lenye rangi ya kahawia, mikono mirefu myembamba, ukimsogelea anajivuta ndani ya tundu kwa kasi ya ajabu. Anachoma matumbawe yaliyo jirani naye na anapora nafasi. Kinachomfanya awe sugu ni vitu viwili. Kwanza ana mwani mdogo ndani ya mwili wake unaomtengenezea chakula kwa mwanga, kwa hiyo hata usipomlisha anaishi. Pili, kipande kidogo tu cha mguu wake kikibaki kwenye jiwe kinaota anemoni mpya. Yaani wewe uliyemkwangua kwa kisu ukadhani umemaliza, umempanda. Ukimwona mmoja leo usimchezee kwa kucha, utajikuta na kumi.

Samaki wanaotajwa hapa ni wawili, na watu wanawachanganya kana kwamba ni sawa. Wa kwanza ni Chelmon rostratus, yule kipepeo mweupe mwenye mistari ya rangi ya shaba, doa jeusi karibu na mkia na mdomo mrefu kama kibano. Ule mdomo ndo siri yake, unaingia kwenye nyufa ambazo samaki mwingine hafiki. Akiwa mzima na amezoea tangi, kumtazama anavyofanya kazi ni raha sana: anasimama mbele ya tundu, anainama kidogo, anageuza kichwa aangalie kwa jicho moja, anarudi kutumia la pili, anatulia kama amesahau alichokuja kufanya, kisha ghafla anachomeka mdomo na kuvuta. Wengi wao wanakula Aiptasia. Siyo wote. Na hapa ndo watu wanaumia, kwa sababu huyu ni samaki mgumu kumfuga, anakua hadi sentimita ishirini hivi, anahitaji tangi kubwa lenye mawe mengi yaliyokomaa, anapenda utulivu, na akifika kwako kutoka safari ndefu mara nyingi hataki kabisa chakula cha kopo. Anakonda mgongo unakuwa mkali kama ukingo wa kisu na wewe unasubiri ale anemoni. Ukiwa unamtaka huyu, omba muuzaji amlishe mbele ya macho yako. Akikataa kula pale, mwache, hata kama ni mzuri kiasi gani. Ukimpata anayekula, mwanzoni jaribu nyama ya kome au chaza aliyefunguliwa, ibane kwenye ufa wa jiwe, maana ndivyo anavyotafuta chakula chake porini, kwa kuchokonoa.

Wa pili ni Acreichthys tomentosus, samaki mdogo mwenye ngozi ngumu yenye vinyuzi, anabadilisha rangi kufanana na mahali alipo, hazidi sana sentimita kumi. Huyu ni mpole zaidi na ni rahisi zaidi kulisha, na kuna waliozalishwa kwenye ufugaji ambao tayari wamezoea chakula cha kugandishwa. Kwa tangi la wastani mi ningeanza naye huyu kabla ya kipepeo. Lakini nisikufiche: baadhi yao wakishamaliza anemoni wanahamia kwenye matumbawe yenye nyama nene kama Acan, au kwenye zoa (jamaa wa matumbawe wanaofanana na maua madogo), wanadonoa kidogo kidogo mpaka tumbawe linagoma kufunguka. Yaani ukiona Acan au zoa zako zimejifunga siku tatu mfululizo na hujui sababu, kaa pembeni ya tangi bila kujongea, tazama yuko wapi huyu bwana.

Wapo pia wasio samaki. Kamba wa pepaminti wa jamii ya Lysmata wanakula Aiptasia wadogo, hasa usiku, ukiweka watatu au wanne ni bora kuliko mmoja, ila kuna kamba mwingine mwekundu mwenye nundu mgongoni na michirizi myeupe anayeuzwa kwa kufananishwa nao na yule anakula matumbawe, kwa hiyo angalia nundu kabla hujalipa. Na kuna Berghia, konokono asiye na gamba, mdogo kama kipande cha kijiti, ambaye hali kitu kingine chochote duniani zaidi ya Aiptasia. Hahangaiki na matumbawe yako, anazaliana humo humo, anaacha mayai meupe yaliyojizungusha kama springi. Kwa maoni yangu ndo njia safi kuliko zote kwa huyu mdudu, hasa tangi dogo ambalo halimtoshi kipepeo.

Ila hapa kuna fundo ambalo halisemwi vya kutosha. Walinzi wako wanakulana. Samaki wawindaji wa minyoo, wale nitakaowataja sasa hivi, wanamla Berghia. Kamba wa pepaminti wanamla Berghia. Kipepeo naye anaweza kumla. Kuna mtu anatia samaki, anatia kamba, anatia na konokono kwa pamoja ili amalize haraka, na anachokifanya ni kumlisha mmoja kwa mwenzake huku anemoni wanaendelea kunawiri. Kwa hiyo chagua njia moja. Ukitaka Berghia, tangi liwe halina wawindaji kwa wakati huo, na ukubali kusubiri miezi, maana kazi yake inaenda polepole mwanzoni, ikifika mahali wameshazaana inaenda kasi.

Sasa minyoo bapa. Jina ni moja lakini ni vitu tofauti kabisa na ushauri wake ni tofauti.

Kuna wale wekundu au kahawia, wadogo wa milimita chache, wana vimkia nyuma, wanatanda juu ya mawe, mchanga na kioo kama kutu. Hawa hawali tumbawe lenyewe, shida yao ni wingi, wanalifunika tumbawe likakosa mwanga. Wako wazi, mchana kweupe, kwa hiyo samaki anayewinda kwa macho anawaona vizuri. Hapa ndo wanapong'aa samaki wa jamii ya Labridae: Pseudocheilinus hexataenia mwenye mistari sita, Halichoeres chrysus yule wa manjano mwili mzima, na Halichoeres melanurus mwenye michirizi ya kijani na machungwa. Nasema wanang'aa lakini ni kwa tangi ambalo minyoo bado ni wachache. Wakishakuwa zulia, samaki mmoja hawezi kurudisha nyuma, afu minyoo hii ina sumu ndani ya miili yao, wakifa wengi kwa mpigo (kwa mfano umetia dawa) sumu inatoka na inaweza kuua samaki wako wote. Kwa hiyo kwanza nyonya kwa mpira mwembamba wakati wa kubadilisha maji, rudia wiki hadi wiki, punguza jeshi, ndo umlete samaki ashike doria.

Halafu kuna minyoo bapa inayokula Akropora, yale matumbawe magumu yenye matawi. Hii ni balaa la aina nyingine. Ilipewa jina la kisayansi mwaka 2011 tu ingawa wafugaji walikuwa wanalia nayo tangu zamani. Ni mwembamba, unaona kupitia mwili wake, na kwa kuwa anakula nyama ya tumbawe anachukua rangi ya tumbawe hilo hilo. Unaweza kuwa unalitazama tawi lina minyoo kumi na usimwone hata mmoja. Utakachokiona ni dalili, rangi imepauka bila sababu, vidoa vidogo vya mviringo vilivyopauka, ndo alama za kung'atwa. Na chini kabisa ya shina, kwenye mfupa mtupu usio na nyama, vishada vya mayai ya rangi ya kahawia ya dhahabu.

Je samaki anasaidia? Anasaidia. Mistari sita anawala kweli, nimemwona akimfuata mnyoo niliyempulizia kwa sindano hata kabla hajafika chini. Lakini ona nilichosema: niliyempulizia. Akiwa amejilaza kwenye tawi, samaki hana habari naye. Na dawa za kuchovyea (unaloweka tumbawe ndani yake nje ya tangi) zinadondosha wakubwa tu, mayai hayadhuriki, yataanguliwa baada ya siku kadhaa hadi wiki kama tatu au zaidi kutegemea joto la maji. Kwa hiyo mtu aliyechovya mara moja akaweka samaki akalala, baada ya mwezi yuko pale pale. Utaratibu unaofanya kazi ni huu: toa tumbawe, vunja sehemu ya chini yenye mfupa mtupu uitupe pamoja na mayai yake, chovya, rudia kila wiki kwa wiki sita au zaidi, na samaki awe ndani ya tangi anadaka wale wanaodondoka. Samaki hapo anafanya wadudu wasifike idadi ya kuua tumbawe. Kuwafuta kabisa ni kazi ya mikono yako.

Konokono wasio na gamba wanaokula Montipora (tumbawe gumu jingine, mara nyingi la bamba) ni hadithi ile ile, weupe, wadogo wa milimita chache, wanakaa chini ya bamba la tumbawe na mayai yao huko huko, wanaacha ukingo mweupe unaosogea siku hadi siku. Samaki wa jamii ya Halichoeres atadaka wanaojitokeza. Wale wadudu wekundu wa Akropora ni wadogo mno, nusu milimita, samaki wengi hawawaoni kama chakula. Kuna wanaofuga Corythoichthys, samaki mwembamba kama kamba ya kiatu, kwa ajili yao, na kweli anawadonoa, ila ni samaki wa taratibu sana, ukimweka na wenye haraka atakufa njaa. Konokono wa mirija, wale wanaojenga vibomba vigumu na kurusha nyuzi za ute, sahau samaki, ziba tundu la bomba kwa gundi basi. Na kwa wenye kombe wakubwa wa Tridacna, vikonokono vyeupe saizi ya punje ya mchele vinavyomnyonya usiku, Halichoeres wa manjano ni msaada mzuri, lakini mgeuze kombe wako na kumswaki kwa mswaki laini pia.

Nirudi kwa hawa Labridae maana ndo utakaoishia kuwachagua wengi wenu. Mistari sita ni mdogo, hana gharama ya nafasi, mwindaji hodari, na ana roho ngumu. Miezi ya mwanzo mpole, akishajiona mwenye nyumba anaanza kumfukuza kila mgeni mdogo mpaka anamchosha. Nilikuwa naye tangi moja, nikaongeza samaki mpole baada yake, sikuona vita yoyote mchana niliokaa kutazama, asubuhi ya siku ya nne nikamkuta mgeni amejibana nyuma ya pampu mapezi yamechanika. Kumtoa ilibidi nibomoe mawe yote. Kwa hiyo huyu anaingia wa mwisho, wakati kila mwingine ameshazoea.

Halichoeres wa manjano ndo chaguo langu kwa tangi la watu wengi. Mpole, mchangamfu, macho yake mawili yanazunguka kila moja kivyake, utamwona anatazama juu na chini kwa wakati mmoja huku anaogelea. Usiku analala ndani ya mchanga. Hili siyo pambo, ni sharti, bila mchanga laini wa sentimita tano hivi anaparamia kioo, anajichubua mdomo na mwishoni anakufa. Siku za kwanza anaweza kuzama akakaa huko siku mbili tatu na wewe unadhani amepotea, mwache, usichimbue, saa yake ya mwili bado ni ya alikotoka. Na wote hawa wanaruka. Tangi lisilo na wavu juu litakuletea samaki mkavu sakafuni. Melanurus ni mkubwa kidogo na mwindaji mkali zaidi, ila anakula pia vikonokono vidogo, minyoo ya mirija yenye vishada, na kamba mdogo asipoangaliwa.

Mandarini, yule samaki mdogo wa rangi nyingi, naye anatajwa sana kwamba anakula minyoo bapa. Naomba sana, sana, usimnunue kwa kazi hiyo. Wapo wanaokula, lakini chakula chake halisi ni kopepodi, vidudu vidogo vinavyotambaa kwenye mawe, na anakula kutwa nzima bila kupumzika kwa sababu mfumo wake ndivyo ulivyo. Tangi dogo au changa linakwisha kopepodi ndani ya wiki chache na yeye anakufa polepole huku bado anapendeza, rangi hazififii haraka kwa hiyo hujui mpaka umwone tumbo limeingia ndani. Na ukiwa na Labridae wawili humo nao wanagombania vidudu hivyo hivyo.

Kwenye mwani sitakaa sana, kwa sababu siyo mdudu, ila unafunika matumbawe. Kangaja wa jamii ya Zebrasoma na tasi wanakula mwani wa majani na wa nyuzi vizuri, tasi hata ule mgumu ambao wengine wanaukataa. Wote wanataka tangi refu la kuogelea, na tasi ana miiba yenye sumu mgongoni, chunga mkono ukiwa unasafisha.

Kuna imani inazunguka kwamba ukitaka samaki afanye kazi mnyime chakula. Hii imeua samaki wengi na imeharibu matumbawe mengi. Hawa hawali mdudu kwa njaa, wanakula kwa sababu silika yao ni kudonoa kitu kinachosogea, na aliyeshiba kiasi bado anadonoa. Mwenye njaa ndo anayeanza kuonja matumbawe, kombe na kamba. Mlishe kidogo kidogo mara mbili au tatu kwa siku. Na hapa ndo ninaposimamia mi: chagua samaki ambaye ungemfuga na ungemlisha hata kama hatagusa mdudu hata mmoja, kwa sababu mdudu akiisha, yeye atabaki hapo kwa miaka, na kama hakugusa utakuwa na samaki unayempenda, siyo kiumbe unachotafuta pa kukipeleka.

Mgeni yeyote akae karantini kwanza, na matumbawe mapya pia yachovywe kabla hayajagusa maji ya tangi kubwa. Kumbuka tu dawa ya shaba inayotibu samaki inaua kamba, konokono na matumbawe, kwa hiyo vyombo vya karantini ya samaki visichanganywe na vingine.

Ukishamweka, usipime kwa kumtazama samaki anavyodonoa, maana anadonoa siku nzima na mara nyingi ni kopepodi tu. Chagua jiwe moja au tawi moja, piga picha leo, hesabu Aiptasia au alama za kung'atwa, andika tarehe. Wiki ijayo saa ile ile, mwanga ule ule, hesabu tena. Wiki nne idadi ikishuka, mwache aendelee na kazi. Ikiwa ile ile, rudi na tochi usiku, kuna uwezekano mkubwa mdudu uliyemdhania siye.